Bei moja au kulipa kila dawa? Hesabu ya kituo cha afya Bukavu

Katika vituo vya afya vya Bukavu, mashariki mwa Kongo, mgonjwa analipa kwa moja ya njia mbili. Kuna kituo kinachohesabu kila kitu: fishi (kadi ya mgonjwa), maabara, sindano, kidonge kwa kidonge. Kingine kina forfe: bei moja ya mtoto na bei moja ya mkubwa, na ukishalipa unatibiwa ugonjwa huo mpaka mwisho. Naunga mkono forfe. Lakini jinsi inavyopangwa mara nyingi, inamaliza dawa kabatini kabla ya mwaka kuisha.

Mtoto wa miaka miwili mwenye nimonia anahitaji vidonge 20 vya amoksisilini ya miligramu 250: viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano. Mama anayelipa kidonge kwa kidonge ananunua kumi. Siku ya tatu homa imeshuka, mtoto anacheza, na vile kumi vilivyobaki havinunuliwi tena. Nimonia ikirudi, inamrudia mtoto aliyedhoofika, na gharama ya kumlaza ni kubwa kuliko ya vile vidonge.

Upande wa muuguzi nako kuna kishawishi. Mwaka 1987, katika Mpango wa Bamako, mawaziri wa afya wa Afrika pamoja na UNICEF na OMS (Shirika la Afya Duniani) walikubaliana kwamba mapato ya dawa yasaidie kuendesha vituo. Kwetu, ambako wauguzi wengi hawapati mshahara wa Serikali, mapato hayo ndiyo yanayowalisha. Basi mtu mwenye mafua anatoka na antibiotiki, vitamini na sindano juu yake. Kumlaumu muuguzi peke yake ni kumwonea.

Forfe inakata kishawishi hicho, kisha inaleta mzigo wa aina nyingine. Chukua malaria kali. Artesunate ya sindano ni miligramu 2.4 kwa kila kilo, saa 0, saa 12 na saa 24. Mkubwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 144 kila mara, yaani vichupa vitatu vya miligramu 60; kwa sindano hizo tatu ni vichupa tisa, na bado hajaanza vidonge vya siku tatu vinavyofuata. Dawa za malaria zinazoletwa kwa msaada wa wafadhili hutolewa bure, lakini zikikatika kituo kinajinunulia. Jirani yake aliyekuja anaumwa kichwa tu, akapewa parasetamoli, amelipa forfe ileile. Mwenye kichwa anamsaidia mwenye malaria, na huo ndio uzuri wa mpango huu.

Ila mwenye kichwa naye anajua kuhesabu. Mwezi unaofuata anapita kwenye farmasi ya mtaani, ananunua vidonge vyake vichache, haingii tena kituoni. Wanaobaki kwenye foleni ni wale wa vichupa tisa. Gharama ya kila mgonjwa inapanda, bei iliyobandikwa ukutani haibadiliki, na kabati linaanza kuwa tupu. Hapo muuguzi anatoa nusu ya dozi, au anaandika ordonansi (karatasi ya dawa) na kumtuma mgonjwa akanunue nje, na huyo analipa mara mbili. Dawa ya kuziba tundu hili ni bei tatu za mkubwa badala ya moja: ndogo ya ugonjwa mwepesi, ya kati, na ya kulazwa.

Tundu la pili ni dola. Mgonjwa analipa franka, dipo, ghala ambako kituo kinanunua dawa, inahesabu kwa dola. Tuseme bei iliwekwa dola moja ikiwa franka 2,000, kisha dola ikafika 2,800: oda ya dola 100 iliyogharimu franka 200,000 sasa inataka 280,000. Kituo kilichoweka akiba ile 200,000 kinarudi na dawa za dola 71. Kwa hiyo bei ipimwe kwa gharama ya kununua tena, wala si kwa ile iliyolipwa zamani.

La tatu ndilo linaloumiza zaidi: pesa ya dawa na ya primu (marupurupu) za wafanyakazi kukaa sanduku moja. Kipimo cha kujua kama dawa zinaliwa ni rahisi, na komite ya afya inaweza kukifanya kila mwisho wa mwezi. Jumlisha thamani ya dawa zilizopo, pesa ya dawa iliyo sandukuni na madeni ya wagonjwa ambayo kweli yatalipwa. Toa madeni ya dipo. Geuza yote kuwa dola. Kituo kilichoanza na dola 3,000 kikikutwa na 2,100, dola 900 za dawa zimeondoka: zimeliwa na bei iliyo ndogo au franka iliyoshuka, zimekuwa primu, zimeharibika kwa tarehe kupita, au zimeibwa. Fishi ya stoki, inayoandika dawa zinazoingia na kutoka, itasaidia kuonyesha ni lipi, kama inajazwa kila siku.

Anabaki asiye na kitu kabisa. Forfe, hata ikiwa ndogo, haimfikii, na madeni yake yakiingizwa kwenye hesabu ile kana kwamba yatalipwa, kituo kinajidanganya. Ahesabiwe kando, kwa majina yaliyokubaliwa na komite ya mtaa, na lipatikane fungu la kumlipia: mituweli (chama cha kuchangiana matibabu), parokia, au Serikali, ambayo mwaka 2001 huko Abuja iliahidi pamoja na nchi nyingine za Afrika kulenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya.