Bwana Harusi Ni Yupi?

Ukiwa Lamu na una kamera kubwa kidogo, utageuzwa mpigapicha wa harusi hata kama hujaomba. Mie binamu yangu alikuwa anaoa na mamake, yaani mama mkubwa wangu, akasema mbele ya watu wote, "Picha atapiga huyuhuyu wetu, kamera si anayo?" Malipo: pilau.

Usiku wa kuamkia harusi nikajifungia kusoma. Nikakuta eti ukipiga faili za rawu (picha mbichi, kamera haijazipika), sukuma mwanga mpaka mlima wa histogramu, ule mchoro wa mwanga wenye giza kushoto na weupe kulia, uegemee kulia, kwa sababu ile stopu ya juu kabisa (kila stopu ni mwanga mara mbili) peke yake inabeba nusu ya ngazi zote za mwanga, kamera ya biti 14 ina ngazi 16,384 kwa hiyo 8,192 ziko huko juu zinakungoja. Nikajiona profesa. Mbele kidogo kulikuwa na maelezo kwamba uegemee kulia lakini usigonge ukuta, huko sikufika, stima zilipotea.

Basi kesho yake, saa saba mchana, tunatoka msikitini baada ya adhuhuri, jua limesimama utosini, kanzu nyeupe, kuta za chokaa nyeupe, kofia za vito zilizoshonwa kwa mkono, na bahari nayo inamweka huko nyuma. Nikaweka mita, kile kipima mwanga cha kamera, isome kipande kidogo tu katikati ya fremu. Katikati ya fremu kulikuwa na punda. (Mtu wa Lamu hata haulizi alifikaje.) Nikapima, nikaongeza stopu moja ya "kulia", nikafunga hivyohivyo nikaanza kufyatua, picha mia tatu na ushei.

Skrini ikawa inapiga nyeusi nyeupe, nyeusi nyeupe, juu ya kila kanzu, ndilo onyo la kamera kwamba mwanga umezidi. Kijana mmoja akaniuliza, "Kaka, mbona inawasha indiketa?" Nikamjibu kwa dharau, hiyo inahesabiwa kutoka kwa kijipicha cha JPEG kilichokwisha pikwa na kamera, rawu yenyewe ina nafasi zaidi. Na wallahi si uongo, nafasi ipo. Lakini ni ya kijiko, mie nilimimina pipa.

Usiku nikafungua laptopu, ukoo mzima mgongoni kwangu. Kimya. Vichwa vya wazee vinaelea hewani, ndevu zipo, viwiliwili hakuna, kanzu zimeyeyuka zikaungana na ukuta.

"Bismillahi," mama mkubwa akasema, "hawa ni watu ama majini?"

"Tulia mama, hii ni rawu." Nikavuta slaida ya eksposha, yaani ya mwanga, mpaka chini stopu tatu, nikavuta na za sehemu zinazong'aa mpaka mwisho. Uso wa bwana harusi ukawa kama sufuria ya kuni, na kanzu badala ya kurudisha tarizi ikawa kijivu kitupu, kama imepigwa plasta. Sensa, kile kipokea mwanga cha kamera, ni ndoo jamani, nyekundu, kijani na buluu zote zikishajaa, kinachomwagika hakiandikwi popote, utavuta slaida mpaka kidole kitoke malengelenge.

"Kofia ya marehemu babake iko wapi?"

"Mama, maji yakimwagika hayazoleki."

"Usinipe methali, nipe kofia!"

Aliyetoka vizuri ni punda. Nilipoondoa ile stopu niliyoongeza, akakaa sawa kabisa, unywele mmojammoja, mpaka nzi wa sikioni. Mita ya kamera huchukulia kila inachoelekezewa kuwa ni kijivu cha kati, na yule mnyama Mungu kamuumba kijivu cha kati, sasa ingekosea wapi? Kanzu inayong'aa juani ni stopu mbili na zaidi juu yake, nami nikaiongezea ya tatu kwa hiari yangu.

Tukachambua zote mpaka usiku wa manane tukapata moja. Bwana harusi amesimama barazani kivulini, kofia inaonekana kila kijitundu, mama mkubwa akalia kwa furaha. Ila punda kapita mbele na kichwa chake juani, kamfunika kuanzia kidevu kushuka chini.

Ndiyo iliyotundikwa sebuleni. Wageni wanaisifu sana, halafu wanauliza bwana harusi ni yupi.