Ukurasa wa OB Umefikaje Kwenye Simu Zetu?

Wiki iliyopita mtu alituma picha ya ukurasa wa OB, kile kitabu cha kuandikia matukio kituo cha polisi, kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu hapa Kisauni, Mombasa. Aliyeipiga alikuwa upande wa ndani wa kaunta, maana kitabu kimefunguliwa kumwelekea yeye na kidole gumba kinaonekana kikibana ukurasa usifunge. Mwandiko unasomeka vizuri: jina la mke wa watu, namba ya kitambulisho, namba ya simu, nyumba anayokaa, na alivyofanywa na mumewe usiku ule. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umesoma. Jioni mama yule akachukua wanawe, akavuka feri kwenda kwa dadake Likoni.

Hasira yangu haiishii kwa mume. Katika kila baraza la chifu kina mama wanaambiwa wasinyamaze, waende kituoni. Huyu alikwenda. Akasimama kaunta akaeleza mambo yake mbele ya waliofuata abstrakti, hati za polisi, za vitambulisho vilivyopotea na mwenye bodaboda anayedai pikipiki yake, kwani ndivyo ripoti zetu zinavyochukuliwa. Alivumilia hayo yote akijua anazungumza na serikali. Serikali ikamwanika.

Siku ya pili binti wa jirani, ambaye mambo ya nyumbani kwake tunayajua, aliniuliza, "Ami, na mimi nikienda yataandikwa yasambazwe hivyo?" Sikuwa na la kumjibu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Picha moja imewafunga midomo wanawake ambao hata majina yao hayamo kwenye ukurasa ule. Atakayepigwa kesho atanyamaza, na atakayempiga anajua atanyamaza.

Wala tusiambiwe sheria haipo. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inamlinda kila mtu mambo ya familia yake na ya faragha yasifichuliwe bila ya haja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za ndoa na za familia kuwa data nyeti, na inazibana taasisi za umma kama inavyozibana kampuni. Kifungu cha 72 kinasema ni kosa kutoa taarifa za mtu kinyume na lengo zilizokusanyiwa bila ya sababu ya kisheria. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 3, au kifungo kisichozidi miaka 10, au yote mawili.

Najua jibu litakalokuja: polisi wana mambo ya usalama wa taifa. Kweli, kifungu cha 51 kinatoa msamaha kwa usalama wa taifa na maslahi ya umma. Lakini kifungu hichohicho kinaanza kwa kusema msamaha huo haumwondolei yeyote wajibu wa kushughulikia data kihalali na kuiwekea ulinzi. Na kipigo cha mama chumbani kwake hakihusiani na usalama wa taifa hata chembe.

Haya, nakubali kwa shingo upande kwamba polisi hawawezi kufungia kila kitu kabatini. Faili lazima lifike kwa mwendesha mashtaka na kwa hakimu, na sura ya muuaji anayesakwa lazima tuione. Vijana walionaswa kwenye msako nao wana haki ya kuhesabiwa hawana hatia chini ya Ibara ya 50, lakini picha zao husambazwa kabla hawajafikishwa mahakamani. Hilo nitaliandikia siku yake.

Mama yule anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data hata kwa mdomo, na ofisi hiyo ina wajibu wa kuyaandika maelezo yake na kuumaliza uchunguzi ndani ya siku 90. Kifungu cha 65 kinampa haki ya fidia, na madhara yanayohesabiwa si ya pesa tu. Dhiki ya moyo imo. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, nao wapo kwa ajili ya askari wanaokosea. Lakini kwa nini mzigo wa kuzunguka ofisi abebe yeye aliyekwisha kuumizwa mara mbili? OCS, mkuu wa kituo, anaye askari aliyekuwa kaunta saa ile, na zamu huandikwa kwenye OB. Amwite, amhoji, na mama aambiwe hatua iliyochukuliwa kabla hajalazimika kuuliza.