Hoja ya mashine ya pili: tunavyoyapima vibaya mafunzo ya usanifu kwa kompyuta

Mafunzo mafupi ya programu za usanifu yamekuwa, hasa jijini Kampala, njia ya kawaida ya mhitimu wa uhandisi au wa sanaa za viwandani kujiandaa kutafuta kazi. Analipa ada, anakaa mbele ya kompyuta kwa wiki kadhaa, anajifunza AutoCAD, SolidWorks au Fusion, kisha anatoka na cheti. Lawama inayotupiwa mafunzo haya nayo imezoeleka: kwamba yanatoa vijana wanaojua kubofya lakini hawajui chuma, wanaochora kifaa ambacho hakuna karakana ya Kampala, kuanzia mtaa wa mafundi wa Katwe hadi eneo la viwanda la Namanve, inayoweza kukitengeneza. Mafundi wanaisema, wahadhiri wanaisema, na waajiri nao wanaisema. Lawama hiyo ina ukweli mwingi. Ninachokipinga ni hitimisho linalotolewa kutokana nayo, kwamba basi mafunzo yenyewe ni pambo, na kwamba mbunifu wa bidhaa hapungukiwi na kitu akiyakosa.

Wanaopinga hawasemi jambo la kubuni. Mapokeo ya ubunifu nchini Uganda yalijengwa kwa mkono. Shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell pale Makerere mwaka 1937, ambayo leo imo ndani ya kitivo kikuu cha uhandisi, usanifu, sanaa na teknolojia cha chuo kikuu hicho, imelea vizazi vya watu waliofikiri kwa penseli, udongo na mbao muda mrefu kabla ya skrini kuingia darasani. Mtu wa namna hiyo hujua uzito wa kitu kabla hakijakuwapo. Katika kozi fupi, kinyume chake, mwalimu mara nyingi hufuata orodha ya amri, na zoezi ni kipande kilichonakiliwa kutoka katika mwongozo wa kigeni. Hakuna anayeuliza kama kipande kile kitakerezwa, kitamiminwa kwenye kalibu au kitachomelewa. Hata vyeti vya watengenezaji wa programu vina upungufu huo. Mtihani wa ngazi ya awali wa SolidWorks humpa mtahiniwa vipimo, humtaka ajenge umbo, kisha humuuliza uzito wake. Ni kipimo cha haki cha ustadi wa kutumia chombo, lakini hauna njia ya kujua kama mtahiniwa huyo angeweza kuamua vipimo hivyo mwenyewe.

Pamoja na hayo yote, hoja hii inampima mbunifu kwa kifaa kimoja alichokitengeneza. Mimi ningependa apimwe kwa kifaa cha pili.

Chukua mashine ya kupukuchua mahindi, ya aina ambayo mafundi wetu wa jua kali huiunda na kuiuza hadi Masindi, Kiryandongo na Iganga. Ngoma yenye meno inazungushwa na shafti, shafti inakaa juu ya beringi mbili, puli na mkanda vinaleta nguvu kutoka kwenye injini. Fundi hodari hahitaji kompyuta kuiunda, na mashine yake hufanya kazi vizuri. Tatizo huanza msimu wa tatu au wa nne, shafti inapolika. Mkulima anampigia fundi simu kuagiza nyingine, na fundi hawezi kuituma, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa ile ya kwanza ilikuwa na urefu gani, beringi zilikaa umbali gani kutoka mwisho, wala fremu ilipinda kiasi gani wakati wa kuchomelea kabla hajainyoosha kwa nyundo. Mashine aliyomuuzia mkulima wa jirani mwezi uliofuata inafanana na hiyo kwa macho, lakini kipuri cha moja hakiingii katika nyingine. Basi ama mashine nzima inapakiwa kwenye lori kurudi Kampala, ama fundi anasafiri na vyuma vyake, ama inaachwa chini ya mwembe mpaka fedha zipatikane, na mahindi yanarudi kupigwa kwa fimbo ndani ya gunia.

Nalikawilia jambo hili kwa sababu naamini hapa ndipo hasara yetu kubwa ilipo, na ni hasara isiyoonekana katika hesabu. Tunajivunia mashine zilizouzwa. Zilizosimama kwa kukosa kipuri cha bei ndogo hatuziulizii. Mavuno hayamngojei fundi. Mahindi yaliyocheleweshwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu, ile iliyoifanya Kenya izuie mahindi ya Uganda na Tanzania Machi 2021. Sidai kwamba shafti zilizolika ndizo zilizoleta marufuku ile. Ukaushaji na uhifadhi mbaya ndio chanzo kinachojulikana zaidi. Nasema tu kwamba kila siku mashine inayolala katika wiki za mavuno inamsogeza mkulima karibu na hatari hiyo, na kwamba sehemu ya dawa ni mchoro ambao haukuwahi kuchorwa.

Tazama jinsi beringi isivyomsumbua mtu yeyote. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na upana wa milimita 15, iwe imetoka Japani, China au Uswidi, na mwenye duka huko Masindi anaitoa rafuni bila kuuliza itafungwa kwenye mashine gani. Shafti yetu tuliyoikereza wenyewe, umbali wa saa chache kwa basi, ndiyo isiyopatikana.

Mbunifu aliyefundishwa vizuri hujifunza kwamba kuandika 25 peke yake hakutoshi, kwa kuwa hakuna mashine ya kukereza inayotoa 25 kamili. Sharti aseme ni mkengeuko kiasi gani unaokubalika. Katika kiwango cha kimataifa cha ISO 286, kinachopanga mikengeuko hiyo kwa alama za herufi na namba, tundu la bushi (bomba fupi ambamo shafti huzunguka) la milimita 25 lenye alama H7 linaruhusiwa kuzidi kwa hadi milimita 0.021 na halipaswi kupungua hata kidogo, na shafti yenye alama g6 inapaswa kupungua kwa milimita 0.007 hadi 0.020. Ukizishika namba hizo, shafti yoyote ya kundi hili itaingia katika bushi yoyote ya kundi lile na kuzunguka bila kulegea, hata kama wakerezaji wawili hawajawahi kuonana. Si kila karakana inaweza kufikia usahihi huo, na sehemu nyingi za mashine ya mahindi hazihitaji hata robo yake. Kujua ni wapi hauhitajiki ni nusu ya elimu yenyewe, kwa sababu usahihi unalipiwa.

Hapa programu ina mchango ambao penseli haiutoi kwa urahisi. AutoCAD ilipotoka mwaka 1982 ilikuwa, kwa kiasi kikubwa, ubao wa kuchorea uliohamishiwa kwenye skrini: mistari ni mistari. Mwishoni mwa miaka ya 1980, programu ya Pro/ENGINEER ilieneza namna nyingine ya kazi, ambayo SolidWorks iliileta katika kompyuta za kawaida mwaka 1995. Katika namna hiyo vipimo vina majina na vina uhusiano. Ukibadilisha kipenyo cha shafti, tundu la puli hubadilika, nafasi ya beringi hubadilika, na michoro ya karakana hujisahihisha. Mbunifu analazimika kutamka nia yake: kipimo hiki kinakitegemea kile, na kile kinategemea nini? Kwa sababu hiyo nasikitika kuona mtu anayetaka kubuni bidhaa akifundishwa michoro bapa peke yake, kana kwamba anakwenda kuchora ramani ya nyumba.

Mpinzani makini atajibu kwamba mahusiano mazuri ya vipimo ndani ya kompyuta hayakizuii chuma kufanya kipendavyo. Ni jibu zuri, na ni kweli. Lakini litazame kwa mfano wa kukunja bati nene. Sahani ya chuma ya milimita 2, ikikunjwa digrii 90 kwa nusu kipenyo cha ndani cha milimita 2, hutumia katika kona yake kama milimita 4.5 za chuma ikiwa kigezo cha mkunjo (namba inayoonyesha ni wapi ndani ya unene wa bati chuma hakivutwi wala hakibanwi) ni 0.44, na kama milimita 4.2 ikiwa kigezo ni 0.33. Tofauti ni theluthi ya milimita tu, lakini katika sanduku lenye mikunjo minne inazidi milimita moja, na mfuniko haufungi. Kigezo kipi ni sahihi? Programu haijui. Ina namba yake ya kuanzia, na asiyefundishwa huiacha ilivyo. Namba ya kweli hupatikana kwa kukata kipande, kukipima, kukikunja kwa mashine ile ile itakayotumika, na kukipima tena. Kwa hiyo programu ikifundishwa inavyostahili humsukuma mwanafunzi kwenda karakanani akiwa na swali mahususi, na humrudisha na namba atakayoitumia katika kazi zote zinazofuata. Wanaosema kompyuta imewatenga vijana na chuma wanaeleza ufundishaji mbaya, na wana haki ya kuulalamikia.

Suala la leseni linaupa upande wa wapinzani nguvu zaidi kuliko wao wenyewe wanavyolitumia. Autodesk, kampuni inayotengeneza AutoCAD na Fusion, iliacha kuuza leseni mpya za kudumu kwa sehemu kubwa ya bidhaa zake mwaka 2016, na sasa mtumiaji hukodi. Leseni za wanafunzi ni za bure, ila huishia pale masomo yanapoishia, yaani pale kipato kinapohitajika. Fusion ya bure kwa matumizi binafsi ilipunguziwa uwezo mwaka 2020 na kuwekewa ukomo wa faili kumi zinazoweza kuhaririwa kwa wakati mmoja. Onshape, programu nyingine inayotumika kupitia mtandao, katika toleo lake la bure huacha kazi yako wazi kwa dunia nzima, jambo lisilofaa kwa mtu anayekusudia kusajili umbo la bidhaa yake chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2014. Kinachobaki kwa wengi ni nakala za wizi, zilizokatazwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na kijana anayeanza biashara juu ya nakala hiyo hawezi kumpelekea mteja mkubwa kazi yake kwa amani. Kwa maoni yangu, kituo kinachofundisha programu moja ya gharama bila kumwonyesha mwanafunzi njia nyingine kinamfunga. FreeCAD, ambayo ni ya bure na huria, ilifikia toleo la 1.0 Novemba 2024, na ingawa bado inamtaka mtu uvumilivu, inatosha kabisa kwa shafti, fremu na mabati ya kukunja. Tena mwanafunzi afundishwe mapema kuhifadhi kazi yake katika muundo wa STEP, ambao ni kiwango cha kimataifa na husomeka karibu katika kila programu ya fani hii, ili kazi yake isife siku leseni itakapokwisha.

Liko jambo moja ambalo pande zote mbili hulipita haraka mno, nalo ni nani anayefundishwa. Tunabishana kuhusu mhitimu, ilhali anayeijua ngoma ya kupukuchulia mahindi ni fundi ambaye hakumaliza sekondari. Uganda imekwisha kukubali kwamba ujuzi wa kazini unaweza kupimwa na kutambuliwa. Hiyo ndiyo maana ya Workers' PAS, kitabu cha ujuzi kilichoanzishwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda kwa watu waliojifunza kazini. Hatua fupi inayofuata ni kumfundisha fundi huyo kusoma mchoro wenye mikengeuko ya vipimo, na baadaye kuuchora, kwa Kiganda au Kiswahili cha karakana, akiwa na mashine yake mwenyewe kama zoezi. Atamaliza polepole kuliko mhitimu, lakini hatahitaji kuambiwa kwa nini shimo liko pale.

Mtihani ninaoutaka ni rahisi kuueleza. Mwanafunzi abuni kifaa kidogo, aandae michoro, kisha michoro hiyo apewe fundi ambaye hajawahi kukutana naye, na mwanafunzi asiruhusiwe kusema neno. Fundi atengeneze vifaa viwili. Vipande vya kifaa cha kwanza vikifungwa katika cha pili na kikafanya kazi, amefaulu. Wenye vituo watasema kwamba vyuma na muda wa fundi ni gharama, na kwamba mteja wao analipia cheti. Hilo la gharama ni kweli, lakini bawaba ya lango au kishikio cha beringi hutengenezwa kwa mabaki ya vyuma, na vyuo vya ufundi kama Elgon, Lira na Bushenyi vina karakana ambazo kituo cha mjini hakina. La cheti litabadilika pale tu mwajiri atakapobadilika. Mwenye karakana anayemsaili mbunifu hahitaji kusubiri mtaala mpya: anaweza leo kuomba mchoro mmoja wa karatasi, kumkabidhi mchomeleaji wake, na kungoja kuona atarudi na maswali mangapi.