Bei Ni Ileile, Kilichokonda Ni Bidhaa

Jamani, mfumuko wa bei nishauzoea. Nisiowazoea ni wale wanaodai kwao haujafika. Haya maduka ya kila kitu bei moja, bango liko palepale, bei ileile. Unaingia kifua mbele ukijua hapa sasa umekutana na wacha Mungu. Halafu unashika karatasi ya choo.

Kwa nje imejaa, imenenepa. Hebu chungulia katikati: lile bomba la boksi limepanuka mpaka ngumi inapita. Tunauziwa tundu! Chupa ya sabuni nayo igeuze uone kitako, kimebonyezwa kwa ndani, kidole kinazama. Vibanio vya nguo sivihesabu tena, presha yangu haitaki hesabu. Na ukilalamika, binti wa kaunta anakujibu kwa adabu zote, "Bei haijapanda, baba." Utambishia nini? Kweli haijapanda.

Heri wanaokiri. Kule Marekani, mfanyabiashara Woolworth alianza duka mwaka 1879 na vitu vya senti 5, akaongeza vya senti 10, lakini kufika 1935 kampuni yake ikaondoa kikomo chenyewe cha bei. Wenye maduka ya Dollar Tree waling'ang'ania dola 1 zaidi ya miaka 30, mwaka 2021 wakatangaza dola 1.25. Maduka ya 99 Cents Only, yenye bei mpaka kwenye jina, yalitangaza mwaka 2024 kwamba yanafungwa yote, na mfumuko wa bei ukatajwa miongoni mwa sababu. Hao angalau walitoboka hadharani. Sisi wengine tunatobolewa kimyakimya, kwenye bomba la karatasi.

Ndiyo maana naona bora mchuuzi wa barabarani. Huyo hana bango. Bei anaisoma usoni kwako, kisha anashuka mpaka viatuni kuhakikisha. Lakini unapata mtu wa kugombana naye, na hiyo peke yake ni nafuu.

Juzi nikaulizia kitana (ndiyo, mvi zimebaki pembeni tu, lakini nazo zina haki).

"Karibu bosi!" Akataja bei. Nikacheka asione nimeshtuka.

"Dola imepanda, bosi. Mafuta yamepanda. Meli nazo."

Kitana!

"Mwanangu, hivi vitana viko hapa tangu mwezi uliopita, hata vumbi lake nalijua. Meli ipi hiyo?"

"Sasa nikikuuzia kwa bei ya mwezi uliopita, kesho nikienda kununua vingine kwa bei ya leo, mtaji wenyewe si umekwisha?"

Hapo alinibana, maana ni kweli tupu. Lakini ukweli haunizuii kuomba kupunguziwa. Nikataja nusu. Ubosi ukaishia hapo, nikawa mzee. Nikaongeza kidogo, akaanza kupanga soksi kana kwamba sipo.

Basi nikatoa silaha ya mwisho, nikaondoka ule mwendo wa kusubiri kuitwa. Zamani ukigeuza mgongo tu unasikia, "Njoo, njoo uchukue!" Nikapunguza mwendo. Kimya. Nikainama kufunga kamba za kiatu ambacho hakina kamba. Kimya. Ikabidi nirudi, najifanya natafuta funguo.

"Haya, nipe kwa ile bei yako."

"Ipi, mzee? Ile ilikuwa ya kabla hujaondoka."