Malindi hata mnong'ono ni kelele

Jumapili nilipita Hyde Park hapa London, pale Speakers' Corner ambapo yeyote husimama akahutubia, nikamkuta mzee kapanda ngazi ya alumini anapaza sauti kwamba Mungu hayupo na sisi tunaosali tunadanganyana. Nilikereka. Kijana mwenye kanzu akamtupia swali. Mzee akajikuna sikio, akakiri jibu hana. Mvua ikaanza. Akakunja ngazi yake, akaenda kupanda basi.

Nikamkumbuka rafiki yangu wa Shela, Malindi. Yeye hakupanda ngazi. Alikuwa barazani, kikombe cha kahawa mkononi, akaulizwa mbona haonekani msikitini, akajibu kwa sauti ya chini kuwa haamini tena. Basi. Kikombe alichonywea kikaoshwa mara mbili, yeye anaona. Mamake akaacha kualikwa arusini. Leo anaishi Nairobi, na kwao huja usiku.

Kwa hiyo nikisikia watu wakibishana kama wasioamini waikosoe dini kwa ukali au kwa upole, nauliza: upole upi tena, kuliko ule?

Najua mtakachosema. "Ulaya imekuharibu." Wallahi sijaharibika. Nasali, nafunga, na hapa London sijaona jirani Mkristo akipelekewa sinia ya biriani siku ya Idi kama tufanyavyo kwetu. Hilo najivunia. Lakini kule kuogopa kumuudhi jirani ndiko kulikotufunga midomo. Msitu wa Shakahola si ng'ambo, ni kwetu. Mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, watoto wakiwemo, za watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa. Wangapi walinyamaza kabla kwa kuwa mambo ya dini hayaguswi? Hapo ndipo nilipomtaka mtu mkali, awe muumini au asiwe, asimame sokoni aulize.

Matusi siyataki. Atakayemwita mama yangu mjinga kwa sababu ya tasbihi yake, tutagombana. Ila England na Wales walifuta kosa la kukufuru 2008, mwaka uliofuata mabasi ya London yakabandikwa tangazo kwamba huenda Mungu hayupo, na msikiti ninaosali Whitechapel bado hujaa kila Ijumaa. Kwetu kuumiza hisia za dini kwa maneno bado ni jinai.

"Wasema hayo kwa kuwa uko mbali." Kweli, niko mbali. Ndiyo maana nimempigia rafiki yangu nikamwambia nikija Desemba tutakaa baraza ileile, mchana, na kikombe atakachonywea yeye nitanywea na mimi.