Msifunge Dari za Ahmedabad

Kwa mwenye nyumba wangu hapakuwa na kalenda ukutani. Ukitaka kujua mwaka umefika wapi, ulipanda ngazi hadi darini, juu ya paa bapa la nyumba, ukatazama kilichoanikwa. Papad mbichi, vile vikaki vyembamba vya dengu, juu ya shuka nyeupe, joto linaanza. Chungu cha embe kimefungwa kitambaa mdomoni, ni Mei. Pamefagiwa hapana kitu, mvua iko njiani. Tulimwita Ba, kama Wagujarati wanavyomwita mama au bibi, nami nilikaa chumba cha chini cha nyumba yake miaka minne ya masomo, mtoto wa Mombasa katikati ya mji wa kale wa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India.

Mtaa wa namna ile huitwa pol: kichochoro chenye lango moja, nyumba zimebanana bega kwa bega. Mji aliuanzisha Sultani Ahmad Shah mwaka 1411, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia, mji wa kwanza wa India kupata heshima hiyo. Wageni huja kupiga picha nguzo na milango ya mbao iliyochongwa. Ni kazi nzuri, sikatai. Lakini nikiulizwa hazina ya Ahmedabad iko wapi, nitaonyesha juu. Dari za pale ni sakafu bapa, na kwa vile nyumba zimeshikana, mtoto anaweza kutoka dari ya kwao akaruka mpaka ya jirani wa tatu bila kukanyaga chini. Misimu yote ya mji ule huishi pale.

Anza na Januari. Tarehe 14 ni Uttarayan, jua linapohesabiwa kuwa limegeukia kaskazini, na siku hiyo pamoja na ya pili yake hakuna anayebaki chini. Wiki nzima kabla, mafundi wa uzi hujipanga kandokando ya barabara wakizipaka nyuzi rangi ya waridi na unga wa vioo. Kukipambazuka, mji mzima uko darini na tiara mkononi. Uzi wako ukikata wa mwenzio, dari zote hupiga kelele, "Kaipo che!", yaani nimekata. Wanawake hupandisha sufuria za undhiyu, mchanganyiko wa viazi vikuu, viazi vitamu, bilinganya ndogo na maharage ya kijani ambao kwa asili hupikwa katika chungu kilichopinduliwa. Hupita pia sahani za chikki. Mara ya kwanza nilipotafuna nilinyamaza kidogo: ni kashata, kashata yetu ya karanga na ya ufuta.

Siwezi kuisifu sikukuu hii nikaficha ubaya wake. Uzi ule hukata shingo za waendesha pikipiki na mbawa za ndege. Mwaka 2017 mahakama ya mazingira ya India ilipiga marufuku uzi wa nailoni, na wengi hufunga chuma cha upinde mbele ya pikipiki zao wakati huo wa mwaka. Bado ndege wanaanguka. Mimi ningeupiga marufuku unga wa vioo wenyewe, watu warushe kwa uzi wa pamba mtupu. Kukatana kutachukua muda zaidi, basi.

Machi mpaka Mei dari huwa jiko la mwaka mzima. Ngano hupakwa mafuta ya nyonyo isishambuliwe na wadudu, pilipili huanikwa, na Ba hutengeneza chhundo, achari tamu ya embe. Nilimtazama mara nne, mwaka kwa mwaka. Embe mbichi anaikuna, anaitia chumvi na manjano, anakamua maji, anaichanganya na sukari kwa mkono. Kisha chungu kinafungwa kitambaa chepesi na kuwekwa juani. Jioni kinateremshwa, asubuhi kinapandishwa, na kila siku kinakorogwa mara moja. Siku kama ya nane sukari imeyeyuka imekuwa asali nzito, na nyuzi za embe zinaonekana ndani kama kioo. Hapo ndipo huingia pilipili na bizari nyembamba. Moto hautumiki kabisa. "Jua ndilo mpishi," aliniambia, "mimi ni mtumishi wake."

Jua hilohilo linaua. Mei 2010 joto lilipozidi, waliofariki Ahmedabad mwezi ule walizidi idadi ya kawaida kwa zaidi ya watu 1,300. Ndipo mwaka 2013 manispaa ikaanzisha mpango wa kukabiliana na joto, wa kwanza wa aina yake Asia ya Kusini: maonyo ya mapema, wahudumu wa afya waliofundishwa, sehemu za kunywea maji. Mei 2016 kipimajoto kilifika nyuzi 48. Katika vitongoji vya mabati wameanza kupaka paa chokaa na rangi nyeupe ili zirudishe jua lilikotoka. Naona busara kubwa hapo, kwa sababu manispaa imekubali kwamba uhai wa mtu maskini unaanzia juu ya kichwa chake. Watu wa pol nao wana njia yao: mchana wanajifungia chini na mtindi mwepesi wenye bizari, usiku wanapandisha magodoro darini. Nimelala huko usiku mwingi, familia nne zimetenganishwa na ukuta wa kufika magotini, watu wakinong'onezana hadi upepo uje.

Na upepo huo naujua. Kusi ikishakaza pwani kwetu, hupita ikweta, ikazunguka kandoni mwa Somalia na kuelekea India na mvua zake. Kwetu huwafungia wavuvi bahari. Ahmedabad husubiriwa kama mgeni wa heshima. Karibu mvua yote ya mwaka hunyesha kati ya Juni na Septemba. Nyumba za zamani zina tanka, birika lililochimbwa chini ya ua, na maji yake hutoka darini kwa mabomba. Ndiyo maana Ba alifagia pale kwa mikono yake, na mvua ya kwanza aliiachia imwagike, ioshe dari. Ya baadaye ndiyo ya kunywa.

Oktoba, usiku wa mwezi mpevu, bakuli za maziwa na mchele uliopondwa huachwa darini zipigwe na mbalamwezi, kisha huliwa. Sijui utamu ule ulitoka kwenye mwezi au kwenye iliki, lakini nilikula kila mwaka.

Sasa watu wanahamia ng'ambo ya magharibi ya mto Sabarmati, kwenye magorofa. Siwalaumu: kuna lifti, kuna pa kuegesha gari, na ngazi za pol zinavunja magoti. Ninachokilaumu ni kufuli. Katika jengo alikohamia Ba na mwanawe, ghorofa ya kumi, mlango wa darini umefungwa na ufunguo anao mlinzi. Juu kuna matangi na mitambo ya lifti, wanasema, na hatari ya watoto kuanguka. Ukuta wa kufika kifuani unajengwa kwa siku mbili! Sheria za ujenzi zinapima upana wa ngazi na idadi ya magari. Zishindwe vipi kudai dari iliyo wazi kwa kila aliyenunua nyumba humo?

Waliohama wenyewe wanajua walichopoteza. Kila Januari hurudi mji wa kale kukodi dari za pol kwa fedha, ili wapate pa kusimama na tiara.

Chhundo ya kwanza ya Ba huko ghorofani iliota ukungu. Alikuwa ameiweka dirishani, na jua la dirisha lile huondoka saa nne asubuhi. Januari iliyofuata mwanawe alikodi dari ya siku mbili, nyumba ya tatu kutoka ile waliyoiuza. Ba alipanda polepole, akashika ukuta, akapumua. Tiara zilikuwa zimejaa angani na wajukuu wakimwita. Yeye alikuwa anamuuliza mwenye dari kama mwezi wa Mei jua linafika ile kona ya nyuma ya tangi.