Pori Tupu Lililowalinda Wafini

Ukiuliza Wafini waliitetea vipi nchi yao kwa brashi, utaoneshwa kwanza mchoro wa Eetu Isto wa mwaka 1899, Shambulio. Msichana mwenye nguo nyeupe amesimama kwenye majabali ya pwani, bahari imechafuka, na tai mwenye vichwa viwili anamrarulia kitabu cha sheria. Msichana ni Ufini, tai ni Urusi. Mwaka huohuo Kaizari Nikolai wa Pili wa Urusi, ambaye Ufini ilikuwa chini ya himaya yake, alitoa tangazo la Februari lililobana uwezo wa Wafini kujitungia sheria, na nakala za mchoro zikasambazwa kwa siri.

Nauheshimu mchoro huo. Hata hivyo naamini ulinzi mkubwa zaidi umo katika michoro ambayo haina tai, haina msichana, haina mtu kabisa.

Tazama mchoro wa Mäntykoski wa Mfini Akseli Gallen-Kallela, alioufanyia kazi kati ya 1892 na 1894. Ni maporomoko ya maji ndani ya msitu, basi. Juu yake amepitisha nyuzi tano za dhahabu, kama za kantele, kinanda cha jadi cha Wafini. Hapo hakuna anayepigana na yeyote, lakini dai ni zito: mahali hapa palikuwa na wimbo wake kabla ya kaizari yeyote kuzaliwa. Dai la namna hiyo hulipingaje? Mwanasheria unaweza kumfukuza kazi, gazeti unaweza kulifungia. Mwaka 1901 Urusi ilitoa sheria ya kuwaingiza vijana wa Kifini katika jeshi lake, na maelfu wakagoma kuitikia mwito. Sitasema michoro ndiyo iliyowagomesha. Nasema nchi ambayo watu walikataa kuiacha ilikuwa imeshapewa sura, na wachoraji walikuwa miongoni mwa walioipa.

Kinachoniuma ni kwamba maporomoko yenyewe hayamo tena Ufini. Yako Paanajärvi, eneo lililochukuliwa na Wasovieti kutokana na vita vilivyoanza Novemba 1939. Takriban watu 400,000 walihama kutoka ardhi iliyopotea, wengi wao watu wa Karelia, eneo la mpakani mwa Ufini na Urusi.

Lakini mapenzi hayohayo ya pori yaliwahi kutumika kinyume. Tangu miaka ya 1890 wasanii walikwenda Karelia kutafuta asili ya taifa lao, Gallen-Kallela akiwa miongoni mwa wa mwanzo, na wengine walivuka hadi upande wa Urusi. Mwaka 1941 jeshi la Ufini, likipigana bega kwa bega na Ujerumani, lilivuka mpaka wa zamani na kuikalia Karelia ya Mashariki. Raia maelfu waliohesabiwa kuwa si wa damu moja na Wafini wakafungiwa kambini, na wengi wakafia humo. Hilo halikuwa kujilinda tena. Ukishazoea kuliona pori kama roho yako, ni rahisi kusahau kwamba lina wenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Gallen-Kallela aliishi Nairobi na familia yake mwaka 1909 na 1910, akawinda na kuchora nyika kwa rangi kali kuliko zote alizowahi kutumia. Naipenda kazi hiyo. Ila miaka ileile Waingereza walikuwa wakiihesabu ardhi ya Kenya kuwa mali ya taji, na mwaka 1911 Wamaasai walitiwa kwenye mkataba wa kuwahamisha kutoka Laikipia. Kwa Mfini asiye na dola, pori tupu lilikuwa ngome. Kwa serikali ya kikoloni lilikuwa kisingizio. Ufini yenyewe haijaepuka swali hilo: Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, wangali wanadai haki za ardhi zao.

Ndiyo maana ningependa kila panapooneshwa Mäntykoski patundikwe pia mchoro wa Eero Järnefelt wa mwaka 1893, ule wa wakulima maskini wanaochoma msitu ili wapande. Msichana mwenye masizi usoni anatutazama katikati ya moshi. Hao ndio waliokuwa wakiishi humo, na ulinzi wa taifa usiowaona watu kama yeye mimi siuungi mkono, hata uchorwe vizuri namna gani.